Ramani Zote Mahali Pamoja

Ofisi ya Nelima na mumewe Wabuge ilikuwa ghorofa ya pili mjini Eldoret, juu ya duka la mabati. Kazi yao ilikuwa kuchora ramani za nyumba. Wabuge alikwenda kupima viwanja na kuongea na mafundi. Nelima alichora kwa kompyuta. Faith, msichana aliyetoka chuoni mwaka uliopita, alimsaidia.

Kila asubuhi walitoka nyumbani Kimumu, wakampeleka binti yao Nekesa shuleni, kisha wakaja kufungua ofisi. Faith aliweka maji ya chai kwenye birika. Wabuge alifungua madirisha. Halafu utafutaji ulianza.

"Nani ako na flashi nyekundu?" Nelima aliuliza.

"Si uliipeana jana kwa Mzee?" Faith alijibu. Mzee alikuwa Wabuge.

"Mimi nilichukua ile nyeusi," Wabuge alisema, huku akipekua mifuko ya koti.

Ndivyo walivyofanya kazi. Ramani moja ilikuwa kwa laptopu ya Nelima. Nyingine ilikuwa kwa kompyuta ya Faith. Nyingine ilikuwa kwa flashi, na flashi ilikuwa kwa gari, au kwa begi, au ilikuwa imeanguka nyuma ya kiti. Mteja akibadilisha mawazo, Nelima alichora upya na kuipa ramani jina jipya. Kwa hiyo walikuwa na "Gichuru mwisho", na "Gichuru mwisho kabisa", na "Gichuru mwisho ya ukweli".

Walikuwa wamezoea. Hawakuona kwamba hiyo ni shida.

Siku moja, kabla hata chai haijapoa, simu ya Wabuge ililia. Alikuwa ni mteja wao Mzee Gichuru, mfanyabiashara, ambaye alikuwa anajenga maduka mtaa wa Kiplombe. Sauti yake ilikuwa kubwa mpaka Nelima aliisikia akiwa upande wa pili wa meza.

"Wabuge! Kuja hapa saa hii! Kuja uone vile mmenifanyia!"

Walifunga ofisi wakaenda wote watatu. Kiwanja cha Mzee Gichuru kilikuwa kando ya barabara. Fundi Ouma na watu wake walikuwa wamekaa juu ya rundo la udongo, majembe chini. Mtaro wa msingi ulikuwa umechimbwa vizuri, umenyooka kabisa.

"Haya niambieni," Mzee Gichuru alisema. "Maduka yangu matatu yataangalia wapi?"

Nelima aliangalia mtaro. Maduka yalikuwa yamechimbiwa upande wa nyuma. Yangeangalia mahindi ya jirani.

"Mzee, wewe ulitaka maduka yaangalie barabara," alisema polepole.

"Ndiyo! Nilikuja kwa ofisi yenu nikawaambia. Mkaandika. Mkachora. Mkanionyesha. Sasa nani atanunua sukari kutoka huko kwa mahindi?"

Fundi Ouma alitoa karatasi mfukoni. "Mimi nilifuata hii tu, Mama. Ndiyo Mzee Wabuge alinipea."

Nelima aliikunjua. Ilikuwa ramani ya kwanza, ile ya kabla ya Mzee Gichuru kubadilisha mawazo. Faith alikuwa amechora mabadiliko kwa kompyuta yake. Wabuge alikuwa amechapisha kutoka kwa flashi. Flashi haikujua kwamba kuna mabadiliko.

Nelima aliona haya. Hakumlaumu mumewe, wala hakumlaumu Faith. "Mzee Gichuru, makosa ni yetu," alisema. "Tutalipa vibarua wajaze huu mtaro na wachimbe upya."

Mzee Gichuru alitembea mpaka mwisho wa mtaro, akarudi. "Sawa," alisema mwishowe. "Lakini mimi nataka kujua kitu moja. Mtajuaje ramani ya ukweli ni gani?"

Nelima aliikunja ile karatasi akaitia kwenye begi lake.

Jumamosi hiyo Nelima alikuwa anaanika nguo nyuma ya nyumba. Jirani yake Waiyego alikuwa anaanika zake kwenye kamba ya pili. Waiyego alifanya kazi katika kampuni moja ya kuuza mbegu. Yeye ndiye aliyetunza kompyuta zote za kampuni hiyo.

"Mama Nekesa, mbona leo umenyamaza hivyo?" Waiyego aliuliza. "Kwani hiyo shati imekukosea?"

Nelima alicheka kidogo. Kisha akamweleza yote: flashi, majina ya ramani, maduka yanayoangalia mahindi.

Waiyego aliacha kuanika. "Ngai! Pole sana. Lakini hiyo shida iko na dawa. Mnahitaji NAS."

"Nasi?"

"NAS. Ni kisanduku kidogo, kama mkate wa duka. Ndani kuna diski za kuweka faili. Unakiunganisha kwa waya na ruta, kile kifaa cha intaneti cha ofisi. Kompyuta zenu zote zinakiona. Ramani haikai tena kwa laptopu yako au kwa flashi. Inakaa hapo ndani. Wewe ukifungua, ni hiyo. Faith akifungua, ni hiyo hiyo."

"Na kama sisi wawili tunafungua pamoja?"

"Wa kwanza anachora. Wa pili anaambiwa kwamba ramani inatumika, kwa hivyo anaweza kuiangalia tu. Hakuna kuchora juu ya kazi ya mwenzako."

Nelima alishika kibanio cha nguo mkononi akasahau kukibana. Alianza kuona ofisi yake ikiwa tofauti. Hakuna kupekua makoti. Hakuna "mwisho ya ukweli".

Wabuge alitoka nje na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia. "Lakini Mama," alimwambia Waiyego, "si tunaweza kuweka tu huko kwa intaneti, kama watu wengine?"

"Hiyo pia ni njia nzuri. Intaneti yenu iko aje?"

"Mvua ikinyesha inapotea."

"Na ramani zenu ni nzito?"

"Nzito sana."

"Basi kwa ofisi yenu, anzeni na hiki kisanduku. Hata intaneti ikipotea, nyinyi mnaendelea na kazi. Kompyuta zinaongea nacho humo humo ofisini."

"Baba Nekesa," Nelima alisema, na sauti yake ilikuwa imechangamka, "tukinunue!"

Jumamosi iliyofuata walikutana wote ofisini. Waiyego alikuja na begi lake la vifaa. Nelima hakuwa amelala vizuri kwa furaha, kama mtoto anayengojea safari. Alifungua katoni mwenyewe. Kisanduku kilikuwa cheusi, chepesi, chenye droo mbili mbele.

Wabuge alikichukua akakiweka sakafuni, karibu na birika la chai.

"La, hapo hapana," Waiyego alisema. "Maji yakimwagika? Na vumbi la kufagia je? Mtu akikipiga teke?"

Walijaribu dirishani. Waiyego alitikisa kichwa tena. Jua na mvua vingeingia. Mwishowe walikiweka kwenye rafu ya ukutani, mbali na mlango, mahali hewa inapita. Kisanduku hiki hupata joto kikifanya kazi, Waiyego alieleza. Kisifunikwe na kitambaa, wala kisifungiwe kwenye kabati lisilo na hewa.

Kando yake aliweka UPS, ile betri nzito ya kompyuta.

"Hapa Eldoret stima inapotea bila kuaga," alisema. "Stima ikikatika wakati diski inaandika, faili inaweza kuharibika. UPS inashikilia kwa dakika chache. Tena inaambia kisanduku: jizime pole pole. Hiyo ndiyo kazi yake. Si ya kuchemshia chai, Faith."

Faith alicheka mpaka akashika mdomo.

Kisha Waiyego alimpa Nelima diski mbili. "Zitie wewe."

Nelima alivuta droo ya kwanza, akalaza diski ndani, akasukuma. Ilikaa kwa mlio mdogo. Akafanya hivyo kwa ya pili. Waiyego aliunganisha waya kwenye ruta. Taa zikawaka, moja baada ya nyingine, kijani.

"Imeamka!" Faith alipiga makofi.

Kwenye laptopu, Waiyego aliwaonyesha mahali pa kuchagua jinsi diski zitakavyofanya kazi. Walichagua njia ambayo kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja.

"Kwa hivyo nafasi inapungua nusu," Wabuge alisema.

"Ndiyo. Lakini angalieni hii." Walisubiri mpaka kisanduku kilipokuwa tayari, kisha Nelima akaweka ramani moja ya mfano ndani na kuifungua kwenye skrini. Waiyego alinyoosha mkono, akavuta diski moja nje, kisanduku kikiwa kinawaka.

"Woi!" Nelima alipiga kelele.

Kisanduku kilianza kulia: pii, pii, pii. Taa moja ikawa nyekundu. Lakini ramani kwenye skrini haikuondoka. Nelima alivuta mstari. Ulivutika. Alihifadhi. Ikahifadhiwa.

"Iko! Bado iko!" alisema. Alimshika Wabuge mkono. "Umeona?"

"Nimeona," Wabuge alisema. Macho yake yalikuwa makubwa. "Hiki kitu ni kizuri, jameni."

"Nimevuta kwa sababu hakuna kazi yenu ndani bado," Waiyego alisema, akirudisha diski mahali pake. Baada ya muda diski hiyo ilinakili tena kila kitu kutoka kwa mwenzake. "Msichezee hivi siku za kazi. Lakini siku diski ikifa yenyewe, mkisikia mlio huu, msiogope. Nunueni nyingine ya aina hiyo, ukubwa usipungue, mbadilishe haraka. Kisanduku pia kitawatumia barua pepe."

Kisha kila mtu alipewa jina lake na neno lake la siri. Faith alitaka kutumia jina lake na mwaka wa kuzaliwa.

"Hilo hata mimi nitalibahatisha," Waiyego alimwambia. "Tafuta refu, na usiliandike kwa kikaratasi kwa skrini."

Walitengeneza folda tatu. Ya kwanza iliitwa Zinazoendelea. Wote wangeweza kuchora humo. Ya pili iliitwa Zilizokubaliwa. Mteja akitia sahihi, ramani inahamia huko, na ni Nelima peke yake anayeweza kuibadilisha. Wengine wanaangalia na kuchapisha tu. Ya tatu ilikuwa ya ramani za zamani.

"Fundi anapewa karatasi kutoka wapi?" Waiyego aliuliza, kama mwalimu.

"Zilizokubaliwa!" walijibu pamoja.

Mchana wote walikusanya ramani. Flashi zilitoka mifukoni, kwenye droo, hata moja chini ya zulia la gari. Mzee Gichuru peke yake alikuwa na ramani tano. Walizifungua moja moja, wakakubaliana ya kweli ni ipi, wakahamisha zile nyingine kwenye za zamani.

"Sasa tumemaliza," Wabuge alisema, akijinyoosha.

"Bado," Waiyego alisema. "Baba Nekesa, ukifuta faili kwa makosa, itafutika kwa diski gani?"

Wabuge alifikiri. "Moja?"

"Zote mbili. Zinafanya kile unachoziambia, pamoja. Diski mbili zinakusaidia moja ikifa. Hazikusaidii ukikosea. Na mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote. Moto ukitokea, pia ni zote."

Wabuge aliketi tena.

"Kwa hivyo tunafanya vitu viwili," Waiyego aliendelea. Kwanza alikipanga kisanduku kipige picha ya folda kila saa, wakati wa kazi. Haikuwa picha ya kamera. Ilikuwa kumbukumbu ya jinsi kila faili ilivyokuwa saa hiyo. Pili aliwapa diski ya kubebeka, iliyofungwa kwa neno la siri. Kila Ijumaa wangenakili kazi yote humo, waichomoe, na kuipeleka nyumbani Kimumu. "Hiyo ndiyo bakapu, nakala ya akiba. Isikae hapa ofisini. Na kila mwezi chagueni faili moja, mjaribu kuirudisha. Bakapu ambayo hujawahi kuijaribu, huwezi kujua kama inafanya kazi."

Aliwaonya jambo moja zaidi. Wasifungue mlango wa kisanduku kwa intaneti ili wakifikie kutoka nje. Wezi wa mtandaoni hutafuta milango kama hiyo. Na programu mpya ya kisanduku ikitoka, wasiseme kesho. Waiweke.

Kazi ilibadilika. Jumatatu asubuhi Faith aliangalia taa, akapangusa vumbi, akasoma kama kuna ujumbe. Ijumaa Nelima alinakili kazi. Mwanzoni Wabuge aliona ni usumbufu. Baadaye yeye mwenyewe alianza kumkumbusha Nelima.

Halafu kazi kubwa ikaja. Kamati ya kina mama wa Soy, nje ya mji wa Eldoret, ilitaka kujenga shule ya chekechea. Mwenyekiti wao, Mama Mulongo, alikuja ofisini mwenyewe. Alieleza kwa mikono yote miwili: madarasa mawili, jikoni, vyoo vidogo vya watoto, na baraza refu la kuchezea wakati wa mvua. Walikuwa wameita wachoraji wengine wawili. Kila mmoja angeleta ramani siku ya mkutano, na kina mama wangechagua.

Nelima aliipenda kazi hiyo kuliko zote alizowahi kufanya. Alichora madirisha yaliyo chini, ili mtoto aone nje akiwa amekaa. Faith alichora jikoni na vyoo. Wote wawili walifanya kazi kwenye folda moja, na hakuna aliyeuliza flashi iko wapi.

Asubuhi ya mkutano walifika mapema kuchapisha. Wabuge alikuwa na furaha isiyotulia. Alifagia, akapanga viti, kisha akaketi kwenye kompyuta apange na huko.

"Kuna folda mbili za Soy hapa kwa Zinazoendelea," alisema. "Ile ya duka tuliyomaliza, ramani yake imeshahamishwa, naitoa."

"Sawa," Nelima alijibu bila kugeuka. Alikuwa anaweka karatasi kubwa kwenye mashine ya kuchapa. Kisha akaketi na kufungua folda ya chekechea.

Haikuwapo.

Folda ya duka ilikuwapo. Ya chekechea haikuwapo.

"Baba Nekesa," alisema. "Umetoa gani?"

Wabuge aliinuka, akaja, akaangalia. Uso wake ulibadilika. "Mungu wangu. Nimetoa ya chekechea."

Faith alishika kichwa. "Iko kwa diski ya nyumbani?"

"Hiyo ni ya Ijumaa," Nelima alisema. "Baraza nimelichora jana."

Wabuge alikaa chini, akatoa simu. "Mama Nekesa, nimewaharibia. Niwapigie simu niwaambie hatuji?"

Mikono ya Nelima ilikuwa imeshaanza kazi. "Ngoja," alisema. "Usipige simu."

Alifungua picha za folda. Kulikuwa na ya leo asubuhi walipofika. Aliibofya. Ndani, folda ya chekechea ilikuwa imekaa kimya, na madarasa yake, na jikoni yake, na vyoo vyake vidogo. Alibonyeza mahali pa kurudisha. Mstari mdogo ulitembea kwenye skrini. Ukafika mwisho. Folda ikarudi mahali pake.

Alifungua ramani. Baraza lilikuwapo, refu, na nguzo zake zote.

"Imerudi!" Faith aliruka. "Madam, imerudi yote!"

Wabuge alisimama, akaangalia skrini, akamwangalia mke wake. Kisha akamkumbatia mpaka kiti kikazunguka. Alicheka na kupumua kwa nguvu kwa wakati mmoja. "Mimi sifuti kitu tena bila kuuliza," alisema. "Hata nikiwa na furaha namna gani."

"Ukiwa na furaha ndiyo hasa usifute," Nelima alimwambia. Mashine ya kuchapa ilianza kunguruma.

Walifika Soy kwa wakati. Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa. Kina mama walijaa kwenye mabenchi, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Nelima alibandika ramani ukutani na kueleza. Alipofika kwenye madirisha ya chini, mama mmoja aliinuka.

"Kwa hivyo mtoto wangu ataona ng'ombe zikipita?"

"Ataona, Mama. Akiwa amekaa kwa kiti chake."

Kicheko kilizunguka kanisa. Wachoraji wengine walieleza pia. Halafu kamati ilitoka nje, ikakaa kidogo chini ya paa la upande, ikarudi. Mama Mulongo alisimama mbele.

"Tumependa ile iliyo na baraza," alisema.

Kina mama walipiga vigelegele. Faith alipiga pia, kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka Nelima akaona aibu na furaha pamoja.

Jumatatu, Mama Mulongo na wenzake wawili walikuja kutia sahihi. Walipomaliza, Nelima alihamisha ramani kwenye folda ya Zilizokubaliwa mbele ya macho yao. Mama Mulongo aliinama kwenye skrini.

"Sasa mtu hawezi kuibadilisha?"

"Mpaka nyinyi mniambie, na mimi nibadilishe mwenyewe."

"Basi shika kalamu yako," Mama Mulongo alisema, akivuta kiti na kukaa. "Jana baada ya kanisa watoto wengine wameandikishwa. Wamezidi. Tunataka darasa la tatu."

Nelima alimwangalia Wabuge. Wabuge alikuwa tayari anachukua utepe wake wa kupimia. Faith alisogeza kiti chake karibu. Nelima alifungua ramani, akavuta mstari wa kwanza wa darasa jipya, na kina mama watatu wa Soy wakasimama nyuma yake wakimwonyesha mlango uwe wapi.